Wabunge Wapige Kura, Wasichunguze

Bunge lolote likitaka kumwondoa jaji, mabishano huishia kwenye hesabu. Theluthi mbili zinatosha? Hoja itiwe saini na wabunge wangapi? Naona tunaanzia mwisho. Jaji huwa amekwisha kuokoka au kuangamia kabla kura haijapigwa, siku ile inapoamuliwa nani atazichunguza tuhuma zake.

Tazama yaliyotokea Sri Lanka. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu Shirani Bandaranayake, iliukwamisha muswada wa Divineguma, mpango wa maendeleo uliokuwa kipenzi cha serikali. Novemba mwaka huohuo wabunge 117 wakatia saini hoja ya kumwondoa, yenye mashtaka 14. Kamati teule iliyoundwa kumchunguza ilikuwa na wabunge 11, na 7 kati yao walitoka upande wa serikali, upande uleule ulioleta hoja. Desemba Jaji Mkuu alitoka nje ya kikao akisema hatendewi haki. Wajumbe wa upinzani nao wakajitoa. Waliobaki wakamtia hatiani.

Januari 2013 Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba kamati iliyozaliwa na kanuni za Bunge haiwezi kuamua hatia ya jaji, kwa kuwa jambo hilo linahitaji sheria kamili. Bunge halikujali. Tarehe 11 likapiga kura, 155 kwa 49, na Jaji Mkuu akaondolewa. Aliyelalamika, aliyepeleleza na aliyehukumu walikuwa watu walewale, na hilo ndilo linaloniuma kuliko hesabu ya kura.

Wapo wanaonijibu kwamba kuwaachia majaji wamchunguze jaji mwenzao ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Ni hofu ya kweli, na sitaki kuipuuza, lakini India imeijibu. Kule, sheria ya 1968 inataka tuhuma zichunguzwe na watu watatu: jaji wa Mahakama ya Juu, Jaji Mkuu wa moja ya Mahakama Kuu za majimbo, na mwanasheria mwenye sifa. Kamati ya namna hiyo ilimchunguza Jaji V. Ramaswami kwa matumizi mabaya ya fedha za umma, ikamkuta na hatia katika mashtaka 11 kati ya 14. Majaji hawakumficha mwenzao. Waliomwachia ni wabunge. Mei 1993 kura za kumwondoa zilikuwa 196, za kumtetea hazikuwapo hata moja, lakini wabunge 205 walikaa kimya bila kupiga kura, na hoja ikaanguka kwa kukosa wingi uliotakiwa.

Najua mfano huo unaukata pia upande wangu, maana uchunguzi safi uliishia patupu. Hata hivyo, nikilazimishwa kuchagua kati ya makosa hayo mawili, nitachukua la India bila kusita. Ramaswami alibaki na cheo, lakini matokeo ya uchunguzi yalibaki pia, na kila raia anaweza kuyasoma. Kosa la Sri Lanka humfuata kila jaji aliyebaki, siku anapoandika uamuzi usioipendeza serikali.

Tena tukumbuke Bunge lilipewa mamlaka haya kwa nini. Uingereza, mfalme alikuwa akiwafukuza majaji apendavyo, hadi sheria ya 1701 ilipotamka kwamba jaji atakaa kazini maadamu mwenendo wake ni mwema, na ataondolewa kwa ombi la mabaraza yote mawili ya Bunge. Kwa njia hiyo ameondolewa jaji mmoja tu, Jonah Barrington wa Ireland, mwaka 1830, aliyejichukulia fedha za mahakama. Lengo lilikuwa kuitoa kamba mikononi mwa mfalme, si kumpa kamba hiyo mfalme mwingine mwenye wingi wa viti.

Uchunguzi uwekewe pia muda. Afrika Kusini, malalamiko dhidi ya Jaji John Hlophe yalianza 2008, na Bunge likapiga kura Februari 2024. Miaka 16 haimtendei haki yeyote, awe mlalamikaji au mlalamikiwa.

Bandaranayake alirudishwa kitini Januari 2015, baada ya serikali kubadilika. Alikaa siku moja, akastaafu.