Pedi za breki: tunamwogopa fundi, tunamsahau muuza spea

Basi likiacha njia mteremkoni na ikatangazwa kwamba breki zilifeli, ushauri unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp huwa ni ule ule: breki si za kuchezea, peleka gari kwa wakala wa kampuni iliyolitengeneza. Nia ni njema. Ila mabasi na malori makubwa hutumia breki za upepo, zenye kompresa na matangi ya hewa, wakati Toyota IST ya mwalimu anayekaa Tabata inasimama kwa mafuta ya breki na pistoni. Ajali ya mfumo mmoja haimfundishi mengi mwenye mfumo mwingine. Halafu kuna jambo linalosahaulika kila mara: wakala anayetajwa hakuwahi kuuza gari hilo. IST, Raum na Passo zetu zimeshuka bandarini zikiwa zimetumika Japani. Hazina waranti ya kupoteza.

Wanaomtetea wakala wana hoja, na sitaki kuipuuza. Kwake sehemu ya gari ina namba na njia iliyopitia inajulikana. Nati zinakazwa kwa spana yenye kipimo cha nguvu, badala ya kusimama juu ya kishikio na kuruka. Kazi ikiharibika, kuna dawati la kurudi na mtu wa kujibu. Gereji bubu ikihamishwa na manispaa wiki ijayo, utamdai nani? Kwa aliyenunua gari jipya lenye mkataba wa matengenezo, mjadala unaishia hapo.

Wengine wote wanakutana na ankara. Wakala hubadilisha pedi, mara nyingi hupendekeza na diski, humwaga mafuta ya breki, kisha huongeza ufundi na asilimia 18 ya VAT. Ukiisoma karatasi hiyo ukiwa na ada ya mtoto ya Januari mfukoni, unafanya kile ambacho wengi hufanya: unasema mwisho wa mwezi. Hapo ndipo hatari inapoanza, na nashangaa wanaotoa ushauri wa usalama hawaigusi.

Pedi mpya ya gari dogo ina unene wa milimita 10 hadi 12 hivi za kile kinachosuguana na diski. Ikibaki kama 3, ni ya kutoa. Watengenezaji wengi wameweka kibati kidogo pembeni kinachogusa diski wakati huo na kuanza kulia, sauti nyembamba ya kukera. Gari linakuwa limeshasema, na mwenyewe anaongeza sauti ya redio. Wiki zinapita. Pistoni inatoka nje zaidi kufuata pedi inayokwisha, mafuta yanashuka kwenye kikopo chake, taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi. Sasa mwenye gari ananunua kichupa cha mafuta ya breki kwenye kituo cha mafuta, anajaza, taa inazimika, anashukuru Mungu. Amezima kengele tu. Pedi bado inakwisha.

Baada ya hapo chuma cha mgongo wa pedi kinakutana na chuma cha diski. Geuza diski yoyote utazame ukingoni au kwenye kikombe chake: utaona maandishi MIN TH na namba, unene ambao diski ikiufikia hutupwa. Kwa magari mengi madogo tofauti kati ya diski mpya na ya kutupa ni milimita 2 tu. Chuma kwa chuma kinaweza kuzimaliza kabla huo mwisho wa mwezi haujafika, na hata fundi wa kerezo hawezi kukuokoa, kwa sababu kukereza nako kunapunguza unene. Kazi iliyohitaji pedi peke yake sasa inataka diski mbili, pengine na mpira wa pistoni.

Na hiyo ni hesabu ya fedha tu. Kuna ya joto. Gari la kilo 1,200 likishuka mita 300 za wima na breki zikafanya kazi yote, joto linalozalishwa ni kiasi cha megajuli 3.5. Kusimama mara moja kutoka kilomita 100 kwa saa ni kama megajuli 0.46. Maana yake mteremko huo ni sawa na kusimama kutoka mwendo ule zaidi ya mara saba bila kupumzika. Anayeshuka mlima wa Kitonga, Iringa, kwa gia kubwa huku mguu uko kwenye breki anafanya hesabu hii bila kujua. Pedi nene inazuia sehemu ya joto hilo lisifike kwenye pistoni. Pedi iliyokwisha inalipitisha moja kwa moja hadi kwenye mafuta. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya, kiwango cha chini kinachotakiwa ni yasichemke kabla ya nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu, na yananyonya hata ukiyaacha yakae tu, kiwango hicho kinashuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyezeka, na pedali inakwenda hadi chini kama vile hakuna kitu.

Kwa hiyo nikipewa nichague kati ya gari lililobadilishwa pedi chini ya mwembe zikiwa zimebaki milimita 4, na lile linalosubiri hela ya wakala zikiwa zimebaki sifuri, naingia kwenye lile la mwembe na wanangu.

Mwangalie fundi anayeijua kazi. Analegeza nati za tairi gari likiwa bado chini, anapiga jeki, anaweka kigogo au tairi chini ya chesesi kwa sababu jeki haiaminiki. Anafungua bolti mbili za kalipa, lile koleo lenye pistoni linalobana pedi kwenye diski, kwa Toyota nyingi spana namba 14, kisha anaifunga kalipa kwa waya kwenye springi ili isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta. Anatoa zile pini mbili ambazo kalipa huteleza juu yake. Hapa ndipo utamjua. Asiyejua hazigusi; anayejua anazifuta hadi zing'ae, anazipaka grisi ya silikoni isiyovimbisha mpira, anazirudisha na kuzisukuma kwa kidole kuona kama zinateleza. Pini zikikwama, pedi ya ndani inakwisha huku ya nje ikiwa nzima, na mwenye gari atalaumu spea. Akimaliza pande zote mbili, kabla gari halijasogea hata hatua, anapampu pedali mpaka iwe ngumu. Ni kazi ya kama saa moja. Haidai jengo la vioo. Inadai mtu aliyefundishwa, awe amepita chuo cha ufundi cha VETA au kwa fundi mkuu aliyemkazania.

Uchafu wa mitaani upo, na baadhi yake unatisha. Kuna wanaopiga pedi msasa ili zisilie. Kuna wanaopuliza vumbi la breki kwa kompresa usoni mwao na mwako, vumbi ambalo kwenye pedi za ovyo linaweza kuwa na asbesto. Kuna anayemimina hydroliki ya usukani kwenye kikopo cha breki, na mipira yote ya ndani inavimba. Kubwa kuliko yote, kuna wanaokunja na kuziba bomba la gurudumu moja linalovuja, gari linarudishwa barabarani likisimama kwa magurudumu matatu. Ukimkuta fundi wa namna hiyo, usibishane naye. Ondoka.

Lakini hata fundi bora hawezi kuifanya pedi mbovu ikamate. Tunabishana kuhusu nani ashike spana, huku swali kubwa liko kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, au kwa wenzetu wa Nairobi, Kirinyaga Road, kwenye rafu. Toyota hawatengenezi pedi wenyewe; wananunua kwa kampuni kama Advics na Akebono. Boksi lenye jina la gari si hakikisho la kinachokaa ndani, na jina kubwa nalo halitoshi: mwaka 2021 Akebono yenyewe ilikiri kughushi takwimu za ukaguzi katika kesi zaidi ya 110,000, ingawa ilieleza kwamba haikuona tatizo la usalama.

Tazama pedi yenyewe, uache boksi. Pembeni pedi nyingi zina msimbo unaoishia na herufi mbili zinazoeleza msuguano, ya kwanza ikiwa ya baridi na ya pili ya moto. E ni kuanzia 0.25 hadi 0.35, F inafika 0.45, G inafika 0.55. Ukiona FF unajua unachonunua. Ukiona FE, ujue ikipata moto inalegea. Alama ya E ndani ya duara pamoja na 90R maana yake imepimwa kwa kanuni ya Ulaya inayotaka pedi ikaribie ile ya kiwandani kwa asilimia 15. Kwa Toyota, namba ya pedi za mbele huanza na 04465, za nyuma 04466, breki shuu za nyuma 04495, tarakimu zinazofuata hupatikana kwa namba ya chesesi, si kwa kusema "ni IST tu hii." Feki nazo huchapwa herufi, ni kweli. Ila pedi isiyo na alama yoyote imeshakujibu. Na pedi za mtumba, hata zikiwa za Japani, ziache hapo hapo.

Yapo magari ambayo namkubali wakala, au angalau gereji yenye mashine ya kupimia. Yenye breki ya mkono ya umeme mara nyingi yanahitaji kompyuta ili pistoni za nyuma zirudi. Haibridi kama Prius na Aqua zina pampu ya breki inayoweza kujiwasha yenyewe kujipima huku kalipa iko wazi. Hapo spana namba 14 haitoshi.

Kwa yaliyobaki, tatizo tumelitengeneza wenyewe kwenye bei. Tunambania fundi ufundi mpaka unakuwa hela ya soda na chapati, halafu tunamtuma yeye akanunue spea. Atakula wapi? Atakula kwenye cha juu, na duka linalotoa cha juu kikubwa ni lile lenye pedi ya bei ya chini kabisa. Mlipe ufundi wa kueleweka. Kanunue pedi mwenyewe ukiwa naye, dai risiti ya EFD, na usilitupe boksi. Ukitoka gereji, tafuta barabara tulivu, punguza mwendo kutoka 60 hadi 20 mara kumi hivi bila kusimama kabisa, pedi zikae kwenye diski. Gari likivuta upande mmoja, rudi siku hiyo hiyo na risiti na boksi, fundi akiwa bado yupo.