Sikumpiga Mkwe, Nilipiga Sigara

Naanza na kukanusha. Ile sauti ya dakika tatu inayozunguka kwenye magrupu ya Tanga tangu juzi, kwamba kuna kijana kamzaba kofi baba mkwe siku ya kupeleka mahari Lushoto: kijana ni mimi, ila kofi si kofi. Na aliyeirekodi ni jamaa yangu niliyempakia bure, nikamlisha mishikaki Mombo, na kanzu aliyovaa siku hiyo ni yangu. Sasa sikilizeni ya kwangu.

Gari mnalijua. Ile kijipu yangu ya kijani, Suzuki SJ410 ya mwaka 1984, cc 970, ya kabureta, si ya kompyuta. Tangi lake la mafuta lilikuwa limeliwa na kutu mpaka ukilitikisa linalia kama kayamba. Kutu inashuka, inaziba filta, inaingia mpaka kwenye jeti, gari linakohoa kama lina pumu. Nikaagiza tangi Gerezani, Dar, likaja juu ya basi limefungwa kwenye gunia: tangi la Suzuki Jimny ya 1999, pampu ya umeme imo humohumo ndani. Nilipochungulia na tochi nikaona bati linang'aa, nikajiona nimeshaoa.

Fundi simtaji, kwa sababu anasoma hapa na bado ananidai elfu thelathini. Akachomelea vishikio vipya kwenye chesisi. Akang'oa pampu ya zamani, ile inayosukumwa na injini yenyewe, akaziba tundu lake kwa bati na gasketi. Mkono wa boya la geji ya mafuta ulikuwa unagonga ukuta wa tangi, akaukunja, akaugeuza upande wa pili. Halafu akavuta waya mmoja tu kutoka kwenye swichi mpaka kwenye pampu. Nikamuuliza, "Fundi, hii pampu si ya magari ya kompyuta?" Akafuta mikono kwenye suruali, akanitazama kama mtoto.

"Pampu ni pampu, kaka. Tena hii ina nguvu. Gari litaruka."

Mnaojua magari najua mmeshashika vichwa. Kwa wengine: kabureta linataka mafuta yaje taratibu, psi (kipimo cha msukumo) tatu au nne zinalitosha. Pampu ya gari la EFI, yaani hayo ya kompyuta, inasukuma arobaini. Ndani ya kabureta kuna boya na kisindano kinachofunga njia mafuta yakitosha. Kukiletea kile kisindano psi arobaini ni kumweka bibi kizee mlangoni uwanja wa Mkwakwani siku Coastal Union wanacheza na Simba, umwambie azuie watu wasio na tiketi. Tena kwenye Jimny yenyewe injini ikizimika, kompyuta inaikata pampu. Mimi kompyuta ilibaki Gerezani. Nilikuwa na waya mmoja.

Asubuhi ya safari tukajaza Tanga mjini, lita 40 mpaka shingoni. Mshale wa geji ukalala E. Nikasema utaamka. Kufika Segera uko robo. Korogwe, nusu.

"Mafuta yanaongezeka," jamaa akasema. "Posa ina baraka hii."

Mshenga wetu, mzee wa heshima zake, alikaa nyuma na leso puani kwa ajili ya harufu ya petroli. Akaegemea mbele, akautazama mshale, akasema "Subhanallah" kwa sauti ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ya shukrani au ya hofu. Mombo, robo tatu. Ndiyo, nilijua kuna kitu hakiko sawa. Lakini nilikuwa nimevaa kanzu nyeupe mpya, na mtu aliyevaa kanzu nyeupe mpya hafungui boneti.

Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kilomita thelathini na kitu za kona tupu, mwamba huku, bonde kule. Gari likapanda likitoa moshi mweusi kama tanuri la mkaa, kosta nyuma yetu inapiga honi toka kona ya kwanza mpaka Soni. Tukafika. Mshale uko F, umesimama wima kama askari. Yaani tumesafiri kutoka baharini hadi milimani na mafuta yamejaa zaidi.

Sasa hapa naomba niende polepole, maana hapa ndipo jamaa kapaka chumvi.

Uani kwa wakwe pamejaa. Akina mama wako barazani na kanga zao, shangazi wa bibi harusi mtarajiwa kasimama mbele na chetezo... nyie, CHETEZO, lakini kile kilikuwa mbali, tukiache. Gari likajizimia lenyewe kwa kulewa petroli. Mimi sikugeuza swichi. Niliiacha kusudi, redio iendelee, maana jamaa alikuwa ameweka kaswida ya kuingilia. Kwa hiyo injini kimya, kaswida juu, na chini ya kaswida, kama ungetega sikio, ungesikia kitu kinalia ngiiiiii. Pampu. Iko kazini. Psi arobaini.

Nikashuka, nikanyoosha kanzu, nikasikia kitu kinadondoka. Nikainama kidogo. Chini ya injini tone, tone, tone, halafu uzi. Uzi mwembamba wa petroli, unatua kwenye nyasi. Kuku mmoja akaja, akadonoa pale palipolowa, akainua kichwa, akatafakari, akaondoka kiubavuubavu.

Nilipoinuka ndipo nikamwona mzee. Anatoka ndani taratibu, kanzu, koti zito juu yake, si mnajua baridi ya Lushoto, kofia safi ya mkono. Na pembeni ya mdomo, sigara. Imewashwa. Jivu limerefuka, halijakatwa. Haji kwangu. Anakwenda kwenye gari.

"Haya magari ya zamani ndiyo magari," akasema, akiinama kwenye boneti kama mtu anayenusa pilau.

Nilitaka kusema, "Shikamoo baba, samahani, naomba uzime sigara." Maneno yote yalikuwepo. Kilichotoka kooni ni "MMMZZZII!" Sijui ni neno gani. Wasambaa walikuwepo pale, hata wao hawakulijua. Miguu ilikuwa imeshaanza kukimbia. Hatua ya pili nikakanyaga pindo la kanzu. Kwa hiyo ule mkono uliokuwa unakwenda kuichukua sigara kwa adabu, ulikwenda ukiwa na uzito wa mwili wangu wote nyuma yake. Kilo 86.

Nilipiga sigara. Narudia, SIGARA. Ikaruka juu, inazunguka, cheche zinamwagika, watu wote shingo juu wanaifuata, ikatua kwenye beseni la maji ya kunawia. Tsss. Ukiniuliza kama kiganja kiligusa shavu, nitakwambia kiligusa. Kidogo. Vidole kama vinne. Sauti ile mnayoisikia kwenye rekodi, ile "paaa", ni mchanganyiko wa vitu vingi.

Kofia ikadondoka, ikabiringika mpaka chini ya gari, ikatulia palepale penye uzi.

Kimya. Hakuna aliyekohoa. Ila kaswida haikuwa na habari, iliendelea kuimba juu ya kuwaheshimu wazazi. Mzee kasimama na mdomo uleule uliobinuka kushika sigara, haina sigara. Shangazi akasema "Astaghfirullah" mara moja tu, chinichini. Mshenga akafungua mlango wa nyuma, akatoka na leso yake puani, akasema kwa utulivu: "Ndugu zangu, tumekuja na habari njema."

Mengine mtaambiwa na jamaa. Swichi ilizimwa, maelezo yalitolewa, petroli ilionyeshwa kwa mashahidi, mjomba mmoja aliyewahi kuwa fundi aliinusa na kuniunga mkono, Mungu ampe maisha marefu. Mahari ilipokelewa, na faini juu yake. Jioni wakati wa kurudi injini iliwaka, gari likatufikisha Soni, likakata. Mshale F. Tangi tupu kabisa, kavu, limebaki na harufu tu. Tukashuka Mombo kwa kosta. Konda alitutambua kwa moshi wa asubuhi.

Mnaouliza gari: limelala Soni. Fundi kaniambia kwenye simu suluhisho la ule msukumo ni "kuongeza regyuleta tu".

Mnaouliza faini: kofia mpya ya mkono, ya kufanana na ile. Kwa hiyo mwenye ndugu Lushoto aje inboksi. Nahitaji mtu mpole akapime kichwa cha mzee, mimi nimeombwa nisikaribie kwa sasa.