Siku 88 za shambani

Viza ya likizo na kazi ya Australia ilianza mwaka 1975, kijana atembee nchi huku akijitafutia nauli. Novemba 2005 likaja sharti: anayetaka mwaka wa pili afanye kwanza siku 88 za kazi maalumu mikoani, nyingi zikiwa za kuchuma na kupakia matunda. Tangu 2019 upo pia mwaka wa tatu, kwa miezi 6 mingine ya kazi za aina hiyo.

Wakulima wana hoja, na si ndogo. Tunda likiiva halimsubiri mtu, na wenyeji wanaokubali kuhamia mbali kwa wiki chache za mavuno ni wachache. Mipaka ilipofungwa Machi 2020, mashamba mengi yalihangaika kupata wachumaji. Wapo pia waajiri wanaolipa kwa haki.

Kinachoniuma ni lawama wanazotupiwa vijana: ati wamedekezwa, na kama kazi imewashinda si waondoke? Kibarua wa kawaida akipunjwa huondoka kweli, akapoteza ujira wa siku mbili tatu. Huyu wa viza, siku alizokwisha kufanya kisheria hazifutiki, anaweza kuendelea kuzihesabu shamba jingine. Ila ushahidi wake ni hati ya malipo, na hati hiyo huitoa bosi yuleyule anayempunja. Akigombana naye siku ya 60, anagombana na mwenye funguo za mwaka wake ujao, huku viza ya miezi 12 ikiyoyoma na msimu wa mavuno ukielekea ukingoni.

Mwaka 2016 Fair Work Ombudsman, ofisi ya serikali inayosimamia haki za wafanyakazi, ilitoa ripoti kuhusu wenye viza hii. Asilimia 28 ya waliohojiwa walisema kuna kazi waliyofanya bila kulipwa, yote au sehemu yake. Mimi hubaki nikitazama nambari ndogo zaidi: asilimia 6 walisema walilazimika kumlipa mwajiri ili athibitishe siku zao. Asilimia 6 ni kama mtu mmoja kati ya kila 17. Jasho ni lake, kisha anatoa pesa ili jasho hilo litambuliwe. Mwenye shamba asingekuwa na cha kuuza hapo kama sheria isingempa saini yenye thamani kuliko ujira wenyewe.

Marekebisho yamefanyika, na tuyape haki yake. Tangu Aprili 2022 mchumaji wa matunda anayelipwa kwa kiasi alichochuma amewekewa kima cha chini cha saa. Hata ndoo zikiwa chache, ujira haushuki chini ya hapo. Ni hatua kubwa, ila imegusa ujira tu. Saini ilibaki ilipokuwa.

Ndiyo maana siuoni utetezi wa siku 88 ukisimama. Viza yenyewe ni nzuri na ibaki. Sharti liondolewe, wakulima wawavute vijana kwa ujira na malazi. Australia yenyewe imeshaonyesha kwamba inawezekana. Tangu Julai 1, 2024, kufuatia mkataba wa biashara na Uingereza, Mwingereza anapata viza hizo tatu bila kufanya hata siku moja ya kazi maalumu. Mfaransa anayelala kitanda cha juu yake, hosteli ileile, bado anahesabu.