Smokey Yunick hakuwa mwizi

Ndugu mwandishi, hapo ulipomwita Smokey Yunick, yule fundi wa magari ya mbio wa Marekani, mwizi, umemwonea. Kanuni ya NASCAR, wasimamizi wa mbio za magari huko Marekani, ilitaja ukubwa wa tangi la mafuta tu. Bomba la kupeleka mafuta kwenye injini halikutajwa kabisa. Yule fundi wa Daytona Beach akafunga bomba la unene wa inchi 2, urefu futi 11, akalikunjakunja humo garini. Piga hesabu mwenyewe: bomba hilo peke yake linameza karibu lita 7! Hizo ni raundi mbili tatu za ziada, wenzake wameshaingia kuongeza mafuta. Nimeshika spana miaka 20, na nakwambia huyu aliisoma kanuni vizuri kuliko walioiandika. Sasa wizi uko wapi hapo?