Fungua Kabureta Uone Mtaa Ulivyojaa Wahandisi

Jamani, huku kwetu Mwanjelwa ukitafuta mtu wa kukushikia ngazi upake rangi, humpati. Wote wana safari, wote mgongo unauma. Sasa wewe toa bisibisi, fungua kabureta ya pikipiki, kile kidude kinachochanganya petroli na hewa, mbele ya nyumba. Watatoka! Watatoka hata wanaodaiwa dukani, waliokuwa wanapita njia ya nyuma tangu mwezi uliopita.

Na jambo lenyewe dogo. Pikipiki nimekuja nayo kutoka Dar, nimehamishiwa Mbeya, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Petroli ili iungue vizuri, gramu moja inataka hewa gramu kama 15, na huku juu hewa ni nyepesi. Kabureta haikuletewa barua ya uhamisho. Inamwaga mafuta kwa kipimo kilekile cha Kariakoo, ndiyo maana kuna moshi mweusi, plagi utadhani imetoka jikoni kwa mama ntilie, na kamlima kadogo tu tunapanda kwa gia ya pili huku nasali. Dawa yake inajulikana: jeti kubwa, yaani kile kipande chenye tundu la kupimia petroli, uweke ya namba ndogo kidogo, sindano inayoingia kwenye njia ya petroli uishushe, skrubu ya kurekebisha mchanganyiko uipime upya. Kazi ya saa moja.

Saa moja! Labda ukiishi peke yako porini.

Wa kwanza kufika ni shemeji, kaka yake mama watoto. Pikipiki hana, na hajawahi kuwa nayo. "Shemeji, hiyo skrubu funga." Nikafunga polepole mpaka ikagusa, maana ndiko kunakoanziwa: unafunga bila kukaza, kisha unarudisha mzunguko mmoja na nusu, miwili hivi, injini ikiwa ya moto, unasikiliza sailensa, yaani injini inavyounguruma bila kuvutwa resi, inakaa wapi vizuri. Kabla sijarudisha, mzee wa nyumba ya pili huyo hapo. Hata shikamoo yangu hakuitikia. "Kijana, usifunge! Kufunga kunazidisha mafuta." Shemeji naye: "Mzee, kufunga kunapunguza!"

Kinachoniuma ni kwamba wote wawili wanasema kweli. Skrubu ikiwa upande wa chujio la hewa, inatawala hewa, ukifunga mafuta yanazidi. Ikiwa upande wa injini, ukifunga mafuta yanapungua. Ugomvi mzima unaishia pale mtu anapoinama akaangalia skrubu imekaa upande gani. Mmeona mtu akiinama? Wamesimama mikono kiunoni, wamebishana mpaka wakafika kwenye penalti ya Simba na Yanga, na bisibisi yangu anayo mzee, anaitumia kuonyeshea beki alivyosimama.

Nikahamia kwenye sindano. Ile ina kakipini shingoni, na vijimkato vya kukapachika. Ukitaka sindano ishuke, kakipini unakapandisha. Nimekapandisha, jirani mwingine anapiga kelele: "Si umesema unashusha? Mbona unapandisha?" Nimeeleza. Nimeeleza tena kwa kuchora mchangani. Kuku wa mzee wakaja kuudonoa mchoro, nami nikafunika vipande vyangu kwa kofia, kwa sababu jeti ikishaingia tumboni mwa kuku wa mzee, hiyo ni kesi ya balozi wa nyumba kumi.

Kuna mwingine, huyu sikumjua hata ametoka wapi, kaokota jeti ndogo, anaichokonoa kwa sindano ya kushonea. "Naizibua, kaka." Kaka gani? Tundu la jeti ile halifiki hata nusu milimita. Ukilichokoa kwa chuma unalipanua, na ukishalipanua umejiongezea bili ya mafuta milele. Jeti huoshwa kwa petroli na kupulizwa upepo. Nimemnyang'anya. Amenuna, lakini hajaondoka.

Mama watoto naye dirishani: "Baba, hilo bakuli lenye petroli si la mboga?" Nikajibu ni la zamani. Akauliza na mswaki huo ni wa nani. Hapo nikajifanya nasikiliza penalti.

Halafu kaja dogo wa bodaboda. Hakuzima hata injini. "Braza, tupa hicho kidude. Weka kabureta ya milimita 30, itaruka!" Iruke kwenda wapi? Mimi nampeleka mtoto shule, narudi na mchele. Tena koo la kabureta, pale hewa inapopita, likiwa kubwa kuliko injini inavyoweza kuvuta, kwenye mwendo mdogo hewa inapita taratibu, inashindwa kunyonya petroli vizuri. Unafungua resi, pikipiki inasita kwanza, inafikiria. Na hapo unatafuta mpira wa kuiunganisha na injini, pengine na waya mpya wa resi, halafu unaanza kusaka jeti za kulilisha hilo koo. Dogo akacheka, akaniita mzee. Nina miaka 38!

Nikafunga kila kitu, nikapiga kiki. Ikawaka, ikatulia kwenye sailensa, moshi hakuna. Mzee akamgeukia shemeji: "Si nilisema?" Shemeji akasema yeye ndiye aliyesema, na kwamba kazi ikiisha watu hunywa soda. Wa sindano ya kushonea akaagiza ya baridi.

Dogo wa boda akabaki nyuma mpaka wote walipoelekea dukani kwa jina langu. Akasogeza pikipiki yake, akanong'ona: "Mzee, niangalizie na hii yangu. Tangu niweke ya 30, asubuhi haiwaki mpaka nisukumwe."