Ukumbi wa Kirumi wa Palmyra: Haraka ya Kuujenga Upya Ni ya Nani?

Tangu serikali ya Bashar al-Assad ilipoanguka Desemba 2024, mjadala kuhusu magofu ya Palmyra, mji wa jangwani ambao Wasyria wenyewe huuita Tadmur, umepamba moto tena. Kiini chake ni ukumbi wa maonyesho wa Kirumi wa karne ya 2, ambao ukuta wa jukwaa lake ulivunjwa katikati na wapiganaji wa kundi la IS, linalojiita Dola la Kiislamu, katika majira ya baridi ya 2016 na 2017. Wapo wanaotaka mawe yainuliwe mara moja, na wapo wanaosema kazi hiyo ingoje. Hawa wa pili wamebebeshwa lawama nyingi: kwamba wamekata tamaa, kwamba wanawaachia magaidi neno la mwisho, kwamba ni wasomi wa mbali wanaojali magofu kuliko watu. Kwa maoni yangu hoja yao haijasikilizwa ipasavyo.

Hata hivyo, hoja za kujenga si dhaifu. Mkataba wa Venice wa 1964, unaowaongoza wahifadhi wa majengo ya kale, unakataa ujenzi mpya lakini unaruhusu vipande vya asili vilivyotawanyika viunganishwe tena, na vipande vya ukuta huo viliangukia palepale jukwaani. Daraja la Mostar huko Bosnia, lililoangushwa na mizinga Novemba 1993, lilifunguliwa tena Julai 2004, na mwaka uliofuata likaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Makaburi ya mawalii wa Timbuktu, nchini Mali, yaliyobomolewa 2012 yalikuwa yamesimama tena kufikia 2015. Isitoshe, kabla ya vita wakazi wengi wa Tadmur walipata riziki yao kutokana na wageni waliokuja kuyaona magofu, na mtu aliyepoteza riziki ana haki ya kuuliza itarudi lini.

Lakini mifano hiyo miwili ina jambo ambalo Palmyra haina. Daraja la Mostar lilikuwa la kuvukia, na makaburi ya Timbuktu yalizuriwa na kukandikwa upya kwa udongo, kazi ambayo waashi wa mji huo wamerithishana kizazi baada ya kizazi. Waliojenga upya walikuwa wanarudisha kitu walichokitumia na walichojua kukitengeneza. Ukumbi wa Palmyra ulikuwa umefukiwa na mchanga hadi miaka ya 1950, ndipo ukafukuliwa na kukarabatiwa, na baadaye ukawa mahali pa tamasha la kila mwaka. Hata Warumi hawakuumaliza: safu 12 za viti vya mawe zinazoonekana ni sehemu ya chini tu ya ukumbi uliokusudiwa kuwa mkubwa zaidi.

Hapo ndipo inapoingia takwimu ambayo pande zote mbili huitaja. Katika shambulio hilohilo, IS waliangusha pia sehemu kubwa ya jengo la nguzo 16, zilizopangwa nne nne kwenye njia kuu ya mji huo wa kale. Kati ya nguzo hizo 16, ni moja tu iliyokuwa ya asili, ya itale nyekundu iliyoletwa kutoka Aswan, Misri. Nyingine 15 zilikuwa za zege, zilizosimamishwa mwaka 1963. Wanaotaka kujenga husema: mnaona, kilichovunjwa kilikuwa kimekwisha kujengwa upya, basi kuna ubaya gani kurudia? Mimi nasoma takwimu hiyo kinyume chake. Kwa zaidi ya miaka 50 wageni walipiga picha mbele ya nguzo hizo wakidhani wanatazama mikono ya kale, na picha hizo zikatufundisha sote jinsi Palmyra inavyopaswa kuonekana. Anayesema leo kwamba ukumbi urudishwe ulivyokuwa anapaswa kusema ulivyokuwa lini: karne ya 3, enzi za malkia Zenobia kabla ya mji kutekwa na Aurelian, mtawala wa Roma, mwaka 272, au baada ya ukarabati wa karne ya 20, au asubuhi ya kabla ya vita? Kila jibu linatoa ukumbi tofauti, na uamuzi wa namna hiyo ukifanywa kwa pupa huwafunga watu wa vizazi vijavyo.

Kuhusu pupa, mfano uliopo unauma. Jeshi la Syria, likisaidiwa na Urusi, liliutwaa mji kutoka kwa IS mwishoni mwa Machi 2016. Wakati huo ukumbi ulikuwa umenusurika, ingawa mahekalu ya kale ya miungu Bel na Baalshamin yalikuwa yamelipuliwa. Tarehe 5 Mei, kondakta wa Kirusi Valery Gergiev aliongoza orkestra ya Mariinsky ya St. Petersburg kupiga muziki jukwaani, huku Vladimir Putin akizungumza na hadhira kwa njia ya video. Sina lawama kwa wanamuziki, na sina shaka kwamba wengi waliguswa kwa dhati. Lakini tarehe 11 Desemba mwaka huohuo mji uliangukia tena mikononi mwa IS, na jukwaa ambalo dunia nzima ilikuwa imelitazama kama alama ya ushindi likavunjwa. Miezi 7 tu! Siwezi kuthibitisha kwamba muziki ndio uliowachochea wavunjaji. Ninachojua ni kwamba sherehe ilitangulia ulinzi, na kwamba jengo likishageuzwa kuwa ushahidi wa ushindi wa mtu, adui yake hupata sababu ya kulivunja. Serikali yoyote itakayokata utepe Palmyra kabla ya wakati italirudisha jukwaa hilo katika hatari hiyohiyo.

Hatari nyingine ni ya kuwasahau wenyeji, na si mara ya kwanza. Kati ya mwaka 1929 na 1932, Syria ikiwa chini ya Ufaransa, familia zilizokuwa zikiishi ndani ya kuta za hekalu la Bel zilihamishwa ili wanaakiolojia wapate nafasi ya kuchimba. Mji mpya waliopelekwa ulikua ukapita watu 50,000 katika sensa ya 2004, kisha vita vikawatawanya. Wanaorudi wanakuta nyumba zilizobomoka na ardhi iliyotegwa mabomu. Kutanguliza jukwaa la Warumi mbele ya mabomba ya maji na uteguaji wa mabomu ni kuwahamisha kwa mara ya pili.

Kungoja, kwa hiyo, si kukaa bure. Kila jiwe linaweza kupigwa picha, kupimwa, kupewa namba na kufunikwa lisiliwe na upepo na mvua. Vijana wa Tadmur wanaweza kufunzwa uashi na uhifadhi, kwani Khaled al-Asaad, mzaliwa wa mji huo aliyesimamia mambo yake ya kale tangu 1963 hadi 2003, alichinjwa na IS Agosti 2015, na ujuzi wake hauwezi kuazimwa St. Petersburg wala Paris.

Kisha kuna jambo ambalo michoro ya ukarabati huliruka. Mwaka 2015 IS walitundika bendera yao kwenye ukuta huo wa jukwaa na kuwafanya vijana wadogo wawapige risasi wanajeshi 25 waliopigishwa magoti mbele yake. Hao walikuwa askari wa serikali ambayo Wasyria wengi wanaichukia, tena katika mji uliokuwa na gereza ambamo utawala wa baba yake Assad uliwaua mamia ya wafungwa Juni 1980, hivyo ni rahisi kwa watawala wapya kuwanyamazia. Kabla ya winchi kuinua jiwe la kwanza, familia za wanajeshi hao na za wafungwa hao zitafutwe na kuulizwa kama jukwaa hilo litumike tena kwa tamasha, na majibu yao yaingizwe katika mpango wa kazi pamoja na vipimo vya nguzo.