Asilimia tano iliyoifunga China mikono

Ukitaja ubeberu nchini China, wengi hukumbuka manowari na kasumba. Kwa maoni yangu, kilichoiumiza nchi ile zaidi ni jedwali la ushuru. Mizinga ilinyamaza, jedwali likabaki kwa zaidi ya miaka 80.

Mkataba wa Nanjing, ambao China ilisaini na Uingereza Agosti 1842 baada ya kushindwa vitani, unajulikana kwa kuitoa Hong Kong na kufungua bandari 5: Guangzhou, Xiamen, Fuzhou, Ningbo na Shanghai. Fidia yake ilikuwa dola za fedha milioni 21, na milioni 6 kati ya hizo zililipia kasumba ambayo Lin Zexu, afisa wa China, aliiharibu huko Humen mwaka 1839 kwa maji, chumvi na chokaa. Nchi ilitozwa bei ya sumu iliyoikataa! Hata hivyo, deni lile lililipika. Ushuru ndio uliokosa mwisho. Mwaka 1843 viwango vilipangwa karibu na 5% ya thamani ya bidhaa, na serikali ya Qing, nasaba iliyoitawala China, haikuweza tena kuvibadili peke yake. Kikaongezwa kifungu kwamba nafuu yoyote atakayopewa mgeni mwingine, Mwingereza naye ataipata. Marekani na Ufaransa zikachukua mikataba yao mwaka 1844 kwa mtindo huohuo. Tangu hapo, kupandisha kiwango kimoja kulihitaji ridhaa ya mataifa yote yaliyosaini.

Pwani yetu inalijua jambo hili. Mikataba ya Seyyid Said na Marekani mwaka 1833, kisha na Uingereza mwaka 1839, nayo iliubana ushuru wa Zanzibar kwenye 5%.

Ubaya mwingine ulijificha katika hesabu. Bidhaa nyingi hazikutozwa kwa asilimia ya bei ya siku hiyo, bali kwa kiasi maalumu cha fedha kwa kila uzito au kipande. Bei ikipanda, ushuru unabaki palepale. Jedwali la 1858, lililohalalisha kasumba kwa taeli 30 (taeli moja ni gramu 37 hivi za madini ya fedha) kwa pikuli moja (kilo 60 hivi), lilitumika hadi mwaka 1902. Kufikia hapo, ile 5% ilikuwa ya jina tu.

Bidhaa za kigeni zikienda bara, zililipa 2.5% zaidi mara moja na kupewa hati ya kupita. Mfanyabiashara wa Kichina asiye na hati alilipa lijin, ushuru wa njiani ulioanzishwa mwaka 1853 kugharimia vita dhidi ya waasi wa Taiping, na aliulipa kizuizi baada ya kizuizi. Ndiyo maana wengine walisafirisha mali yao kwa jina la mgeni. Kwangu hilo ndilo jeraha kubwa kuliko yote, mtu kupata unafuu nchini mwake kwa kujifanya si mwenyeji.

Wanaotetea mfumo huo humtaja Robert Hart, mgeni aliyeongoza forodha ya China kuanzia 1863 hadi 1911. Ni kweli, idara yake ilikuwa na hesabu safi, ilijenga minara ya taa, na mapato yalifika kwa serikali ya Qing. Lakini usafi huohuo ndio uliowavutia wakopeshaji. Baada ya kushindwa na Japani, China ilidaiwa taeli milioni 200 mwaka 1895, na milioni 30 zaidi ili irudishiwe rasi ya Liaodong, ilhali mapato ya serikali kuu kwa mwaka hayakufika milioni 100. Ikakopa kwa Urusi na Ufaransa, kisha kwa Uingereza na Ujerumani, na rehani ikawa forodha.

Mwaka 1901, baada ya vita vya Mabondia, waasi waliowapinga wageni, ikabebeshwa fidia ya taeli milioni 450, kwa miaka 39, riba 4%. Jumla ilipanda hadi taeli milioni 982. Taeli ilikuwa ya madini ya fedha, lakini wadai walitaka kulipwa kwa thamani ya dhahabu. Madini ya fedha yaliposhuka bei, mzigo uliongezeka bila mtu kukopa hata senti.

Nasaba ya Qing ikaanguka, na sasa makamishna wa kigeni wakaanza kupeleka makusanyo ya forodha moja kwa moja kwenye benki za kigeni. Madeni yalilipwa kwanza, Beijing ikasubiri masalio. Marekani iliitambua haki ya China kujipangia ushuru mwaka 1928. Japani ilikubali mwaka 1930.